Mbwa Aliyeitwa Disi

Kitabu kilifika Jumanne, na Ardis akakisoma akiwa bado na koti mwilini. Mdogo wake, Solveig, aliyewaandikia watoto hadithi za sungura na bundi miaka nenda rudi, safari hii alikuwa ameandika utoto wao wenyewe, kule ziwani, Minnesota.

Ardis alimtafuta msichana mmoja tu: yule aliyelala kifudifudi juu ya barafu ya Machi iliyopasuka ziwani, akamtupia mdogo wake skafu na kumvuta kutoka majini mpaka viganja vikachubuka. Barafu ilikuwepo. Skafu ilikuwepo. Aliyeivuta, kwa meno, alikuwa mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Disi.

Jina hilo alilitumia Solveig peke yake, kumwita dada yake, tangu ulimi wake haujaweza kutamka Ardis. Na nyumbani kwao hapakuwahi kufugwa mbwa.

Akapiga simu.

"Da' Ardis! Umekipenda?"

"Mimi niko wapi humu?"

"Soma vizuri. Disi ni wewe."

"Disi anabweka, Sol."

Solveig akacheka. "Mhariri alisema dada mkubwa anayejua kila kitu anachosha. Watoto wanapenda mbwa. Sisi waandishi tunaunganisha watu wawili kuwa mhusika mmoja, ndiyo kazi yetu."

"Mimi umeniunganisha na nani? Na mkia?"

"Usianze. Nimekupa sehemu nzuri kuliko zote."

"Ulikuwa unalia, 'Disi, usiniache.' Sikukuacha. Kikichapwa tena, andika dada."

"Haiwezekani. Mbwa yuko kwenye jalada. Njoo Jumamosi maktaba, ukae mbele. Naisoma sura hiyo."

Ardis alikwenda, kwa sababu mjukuu wake Britta alikuwa ameshalitangazia darasa zima kwamba bibi yake yumo kitabuni. Alidhani pia kwamba Solveig, akimwona uso kwa uso, atasema neno kuhusu aliyemvuta kweli.

Solveig alisoma vizuri, hilo halina ubishi. Alipobweka, watoto wote wakabweka. Ila Britta hakubweka; alikuwa akimtazama bibi yake.

Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Disi yuko wapi sasa?"

Solveig akatazama kiti cha mbele, kisha akageukia dirishani.

"Alikufa zamani, mpenzi. Tulimzika kando ya ziwa."

Ardis akasimama, akamshika Britta mkono, wakapita katikati ya watoto waliokaa chini.

"Bibi, mbona tunatoka? Hajamaliza."

"Amemaliza," alisema Ardis, bila kupunguza sauti.