Maili Tisini na Mbili za Ukungu

"Wewe uliye kiwanjani, nijibu," rubani aliita tena kutoka mjini Bethel. "Kilima cha makaburi kinaonekana?"

Redio ilikuwa mkononi mwangu na ulimi wangu ulikuwa mzito. Kila nyumba kijijini ilikuwa na redio kama ile mezani, kando ya birika, na kila nyumba ilikuwa inasikiliza.

"Redio imekufa, au aliyeishika ni Anuska?" mwanamke mmoja akauliza redioni. Mwingine akacheka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu hiyohiyo: kusimama na kusema mbele ya watu kulinishinda. Kwenye kiwanja chetu cha ndege nilipima mizigo na abiria. Kuzungumza na marubani ilikuwa kazi ya Mjomba Wassillie. Siku ile Mjomba alikuwa zahanati, amemshika Bibi Olinka, mama yake, ambaye ndiye aliyenilea. Utumbo umejisokota, mhudumu alisema. Asipopasuliwa leo, kesho hataiona.

Kutoka Bethel, penye hospitali ya upasuaji, hadi kwetu ni maili tisini na mbili. Kwa ndege ndogo, dakika thelathini na nane. Ilikuwa Oktoba, mto una barafu nyingi mno kwa mashua na nyembamba mno kwa pikipiki ya theluji. Ilibaki ndege tu, na rubani hakuruka kabla ya kuazima macho ya mtu wa huku. Kilima kiko maili mbili kutoka kiwanjani. Kisipoonekana, rubani anaweza kuigusa ardhi kabla ya kuiona.

Nilitazama. Ukungu ulikuwa umerundikana kama manyoya ya bata bukini walionyonyolewa.

"Anuska, mwanangu," sauti ya Mjomba ikaingia, "sema unakiona. Dennis anakijua kiwanja hiki. Akishafika atajua la kufanya."

"Wassillie, mwache ajibu mwenyewe," rubani Dennis akasema taratibu. "Binti, macho ni yako. Unakiona?"

Nilijua kilipo. Nilikuwa nimekitazama tangu nizaliwe, na kwa kitambo kidogo nikadhani nakiona kweli.

"Hapana," nikasema. "Sikioni."

Hakuna aliyecheka.

Bibi alifariki saa tisa alasiri. Saa kumi ukungu ukanyanyuka, kilima kikatokea chote, na misalaba yake.

Kesho yake Dennis alileta mbao za jeneza. Alivua glavu, akanipa mkono. "Nilikuwa nimeshawasha injini," alisema. "Ungesema ndiyo, ningekuja." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananishukuru.

Msibani hawakunitukana. Nilipoingia walinyamaza tu, walewale waliokuwa wakinidhihaki kwa ukimya wangu. Nilikula samaki wangu karibu na mlango. Nyumbani nilikuta kitanda cha Bibi kimetandikwa. Sikukigusa majira yote ya baridi.

Mwezi wa Mei mke wa Mjomba alikuwa Bethel, na mtoto wa siku sita mapajani, akingoja kupandishwa ndege. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka tena. Mjomba akaingia kwangu, mara ya kwanza tangu mazishi, akaweka redio mezani.

"Dennis anauliza," alisema. "Mjibu wewe."

Nilitoka nje, nikatazama kwa muda mrefu, nikarudi kumwambia Dennis redioni nilichokiona. Mjomba alisimama mlangoni, amenipa mgongo, kofia mkononi. Nilipomaliza nikammiminia chai. Aliinywa akiwa amesimama.