Simama Wima

"Simama wima! Atakayetikisika arudi kwao!"

Sauti ya afande ilimkuta Winchi bado anatweta. Alikuwa ametoka kumaliza mbio za usaili wa zimamoto, wa tatu kufika, nyuma ya wasichana wawili ambao wangeweza kuwa wadogo zake wa mwisho. Moyo ulimgonga hadi masikioni. Miguu ilitaka kuendelea, hata kuzunguka tu palepale, lakini mstari ulishapangwa, na ulitakiwa utulie kama ukuta.

Jina la Winchi, mashine ya kupandishia mizigo, alipewa kwa utani na mafundi ujenzi. Alipandisha makarai ya zege ghorofani bila kupumzika. Wanaume wakikaa kitako kuomba maji, yeye ameshashuka kufuata karai jingine. Lakini kibarua hakina kesho. Jengo likiisha, na riziki imeisha. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho, kwani mwaka ujao umri ungemtupa nje. Asubuhi ile mama yake aliinama akamfunga kamba za viatu kwa mikono yake, kama anayempeleka darasa la kwanza.

Afande alipita taratibu, akimkagua mmoja baada ya mwingine. Jua liliwaka, lakini jasho la Winchi likawa la baridi. Akapiga mwayo, akashangaa: usingizi saa hizi? Kelele za uwanja zikasogea mbali, kama mtu amefunga mlango. Kaza roho, mwanamke, alijiambia. Hapa hubebi chochote, ni kusimama tu.

Kisha ardhi ikamjia usoni.

Alipofumbua macho, miguu yake ilikuwa imeinuliwa juu ya begi, na muuguzi alikuwa akimpima presha.

"Usiinuke, dada. Ilishuka sana, sasa inapanda. Umewahi kuanguka hivi?"

"Sijawahi. Hata siku moja."

"Moyo nimeusikiliza, sioni kasoro. Ukikimbia kwa nguvu, mishipa ya miguu hupanuka, na misuli ndiyo inayosukuma damu irudi juu. Ukisimama ghafla kama mti, msukumo unakatika, na mishipa bado iko wazi. Mwili unachelewa kuibana. Damu inabaki chini, kichwa kinakosa. Ungetembeatembea kidogo, usingeanguka."

"Mwambie afande, dada yangu. Mwambie hivyohivyo."

Muuguzi akaenda. Winchi aliwatazama wakizungumza, muuguzi akionyesha miguu yake mwenyewe, afande akitikisa kichwa. Halafu afande akaja, akachuchumaa karibu naye. Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali.

"Nimeelezwa, nikaelewa. Lakini aliyeanguka uwanjani, nitamwaminije ndani ya moshi?"

"Nirudie mbio, afande. Sasa hivi. Hata mara mbili."

"Nenda nyumbani, mama."

Wale wasichana wawili alikuwa amewaita kwa namba zao. Yeye alimwita mama.

Alirudi kwa miguu. Njiani hakulia, alikuwa mkavu kama gunia la saruji. Mama yake alikuwa mlangoni, kitambaa cha kichwani amekifunga upya, na upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa ametega sikio, maana habari ya usaili ilishapita mtaa mzima.

"Ulikimbia?"

"Nilikimbia, mama. Nilikuwa wa tatu."

"Wa tatu! Na daktari je? Wamekupima? Wamesemaje?"

Winchi alifungua kinywa. Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkimbia, likabaki moja ambalo lilikuwa kweli.

"Wamesema moyo wangu mzima."

"Mmesikia huko?" mama akapaza sauti juu ya ukuta. "Mwanangu moyo wake mzima! Wamemwona!"

Jirani akapiga vigelegele. Winchi aliingia ndani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaweka vidole viwili shingoni. Mshipa ulipiga taratibu, sawasawa, kama wa mtu ambaye hakuna kilichomtokea.