Kompaila Iliyowekwa Kando

Bwana Haroub, mkuu wa chuo chetu cha kompyuta pale Michenzani, alikwenda semina ya siku tatu akarudi na neno moja: wepesi. Tangu hapo hatukupumua. Alitaka mfumo wa kompyuta zetu nao upunguzwe, utadhani yeye ndiye anayeubeba mgongoni.

Cha kwanza kutolewa kikawa kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mwanafunzi yakawa kitu kinachofanya kazi.

"Si kila mtu anaihitaji," alisema kikaoni. "Iwekwe mbali, mtandaoni. Anayeitaka ataivuta."

Chuo cha kufundisha watu kuandika programu, na kompaila imekuwa ya hiari. Ni sawa na mama ntilie aliyeona sufuria haina lazima.

Walimu saba tulikuwa mezani, mbele yetu halua na kahawa ya Bwana Haroub. Kwetu mtu mzima hapingwi mbele za watu, tena unatafuna halua yake. Mimi ndiye fundi wa mashine. Nilijua vizuri kwamba siku ya mtihani mtandao huzimwa, watu wasiibe majibu. Akanigeukia: "Au vipi, Amour?"

"Naam, mzee. Fikra nzuri," nikajibu, nikachota halua nyengine. Mnafiki hana dini, lakini hakosi halua.

Siku moja kabla ya mtihani nilizifuta mashine zote na kuziwekea mfumo wake mwembamba. Nilitaka kuiingiza kompaila kimyakimya, lakini Bwana Haroub alinisimamia mpaka mashine ya mwisho, akifurahia nafasi iliyobaki kwenye diski. Nafasi ya kuweka nini, hakusema.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kupata nafasi ya kusoma nje, na mwisho wa umri ni miaka ishirini na mitano. Ummy, msichana wa Chukwani, mwanafunzi bora niliyepata kumfundisha, alikuwa na ishirini na mitano kamili. Akaandika programu yake safi kabisa. Alipoiamuru mashine iigeuze, ikamjibu kwamba kompaila haipo, aivute mtandaoni.

Msimamizi wa mtihani, aliyetoka Bara, alikataa kuwasha mtandao wala kuniruhusu niingize chochote kwenye mashine. Kanuni hazimruhusu, alisema, na sikumlaumu. Saa ilipotimia akaandika sifuri kwa kila mtu, akaenda kuwahi boti.

"Mtihani upo mwakani," Bwana Haroub aliwaambia wanafunzi. "Lakini mmeona mashine zinavyowaka haraka?"

Hata aibu haikumpitia usoni.

Ummy nilimkuta ngazini, mkoba mapajani. Nikakaa karibu yake.

"Mwakani n'takuwa nshapita umri," alisema. "Mwalimu Amour, hivyo katika nyote mlokuwa kikaoni, hakuna alojua?"

"Nlijua mimi."

Alisimama, akajifunga mtandio wake.

"Basi bora yeye," alisema. "Yeye hakujua."