Boneti ya Pijo Nyeupe

Melkiades aliinua boneti ya Pijo 404 ili apige mistari ya kukatia, mkono wake ukaganda. Upande wa ndani, pale hasa ambapo tundu lilitakiwa kupita, palikuwa na kiraka cha bati la debe la mafuta ya mawese kilichobanwa kwa ribiti tano. Nne zilinyooka. Ya tano ilipinda, kwa sababu aliyeipiga alikuwa na umri wa miaka saba, na baba yake alikuwa amemshika kiwiko huku akicheka.

"Iko shida, fundi?" aliuliza Mardochée, mwenye gari.

"Hakuna."

Mardochée alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Bugarama, baba yake, mzee Lameki, akiwa ameketi kiti cha mbele. Dada yake Schékinah alikuwa anaolewa Jumamosi, na alitaka gari la ukoo liende kanisani na pua ya faibaglasi juu ya boneti, ile ya kuvuta hewa, kama magari ya mashindano aliyoyaona kwenye simu. Rumonge nzima ilimwelekeza kwa Melkiades, aliyejifunza kazi hiyo Kigoma akiziba mashua, katika miaka thelathini na sita ya ukimbizi. Pua, aliyoagizwa kwa simu, ilikuwa tayari tangu wiki iliyopita. Kilichobaki ni kutoboa boneti.

Alikwangua rangi kwa ukucha. Chini ya weupe kulikuwa na buluu.

"Gari hili mulilipata wapi?"

"Papa alilipata mu sabini na mbili. Mimi sijazaliwa."

Mwaka huo wa mauaji, akiwa amejificha nyuma ya mgomba, Melkiades alimwona baba yake kwa mara ya mwisho: gari lao la buluu likitoka uani, baba kwenye usukani, watu wanne wasiojulikana wamekaa naye. Siku hiyohiyo mama yake alimvusha ziwa. Alikufa Kigoma bila kujua matanga aliyoyakaa yalikuwa ya mtu aliyelala wapi.

Angeweza kuikataa kazi. Angeweza kupiga kelele, majirani wakajaa. Badala yake alivaa miwani, akawasha mashine, akakata, maana mikono yake isingeaminika ikikaa bure. Cheche zilimrukia kifuani. Kipande cha boneti kilidondoka na kiraka chake. Akasugua kingo kwa msasa, akapaka gundi, akaikalisha pua, akakaza boliti moja baada ya nyingine. Haikupitisha hata unywele. Alikuwa hajawahi kufanya kazi safi kuliko hiyo.

Ndipo akachukua kikombe cha maji, akaenda dirishani kwa mzee.

"Muzee, mwenye gari hili wa kwanza unamukumbuka?"

Kumbukumbu za Lameki zilikuwa zimetoboka. Asubuhi hiyo alikuwa amemwita mwanawe kwa jina la marehemu kaka yake. Lakini aliposikia swali hilo uso wake ulitulia.

"Yule wa mawese?"

"Huyo."

"Aliendesha vizuri," mzee alisema kwa upole, kama anayemsifu jirani. "Tulimwambia aendeshe mwenyewe. Hakulia. Aliuliza tu kama petroli itatutosha kurudi na gari."

Nyuma yao, Mardochée aliyekuwa akiifuta boneti aliacha kufuta.

"Papa, unasema nini?"

Mzee alikunywa maji. Mardochée akamgeukia fundi. "Alikuwa nani yako?"

"Baba yangu."

Mardochée alilitazama gari, kutoka magurudumu hadi paa, kana kwamba anatafuta pa kulishika asiungue. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kiganjani mwa Melkiades, akafungua mlango wa nyuma na kuketi.

Melkiades aliendesha polepole, akaupita mji na soko la samaki, akashika barabara ya Nyanza-Lac. Harufu ya gundi ilijaa ndani. Hakuna aliyefungua kioo.

"Sasa munionyeshe mulipomuacha, muzee," alisema.

Walikwenda kitambo kirefu, ziwa kuliani kwao likimeta. Baada ya daraja la pili, mkono wa Lameki ulinyanyuka gotini, ukaelekeza kushoto, kwenye njia ya vumbi iliyopanda katikati ya michikichi.

Nyuma, Mardochée alianza kulia kimyakimya. Melkiades alipunguza mwendo.