Mkwaruzo Juu ya Kifundo

"Nimesema ni kijiti kimenikwaruza! Kijiti, Merryn! Umekuja kuangalia wanyama au kuniangalia mimi?"

"Kijiti hakiachi matone mawili ya damu yaliyokaa jirani hivyo. Keti chini, Mama."

"Sikai. Kaa wewe."

Glenys, mama mkwe wa Merryn, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kando ya kijito, darubini shingoni, soksi imeshushwa. Walikuwa wamekuja alfajiri kumvizia platipasi, yule mnyama wa mdomo wa bata, ambaye hajitokezi mpaka watu wanyamaze. Glenys alirudi nyuma kidogo kwenye nyasi ndefu apate kuona vizuri, akasema "ah!", basi. Hakuona kitu wala hakulalamika.

Hilo ndilo lililomtia Merryn hofu. Nyoka wa kahawia anaweza kuuma mtu asisikie maumivu. Kila mtu wa huku amesikia habari za fulani aliyedhani kachomwa na mwiba, akaenda zake kuchemsha chai, akaanguka jikoni.

"Ngoja nisafishe, twende nyumbani," Glenys alisema, akiinamia maji.

"Usioshe! Hospitali watataka kupima sumu kwenye ngozi hiyo hiyo."

"Hospitali! Na helikopta je, hutaiita? Nilikuwa napita kijito hiki hujazaliwa bado."

Juu ya mkalitusi, ndege wa kijivu wenye midomo ya njano wakaanza kupiga kelele. Alianza mmoja, mara wakawa kundi zima, wakirukaruka matawi ya chini.

Glenys akainua kichwa. Ndege ndiyo kazi yake tangu astaafu. Huwahesabu kwa ajili ya chama cha wapenda ndege, na huwatambua kwa sauti hata akiwa amefumba macho.

"Mwewe?" Merryn aliuliza, ingawa angani hapakuwa na kitu.

"Wanaangalia chini." Sauti ya Glenys ilikuwa imeshuka. "Wanampigia nyoka kelele."

Akaketi bila kubembelezwa.

"Bandeji iko wapi?" Merryn aliuliza.

"Garini."

"Garini inafanya nini?"

"Mkoba ulikuwa mzito. Nikaitoa, nikaweka keki."

Merryn alitukana. Akavua viatu, akavua taiti, akazipasua vipande kwa kisu cha keki. Akaufunga mguu wa Glenys kuanzia vidoleni hadi pajani, akivuta kwa nguvu, kisha akauegemeza kwenye fimbo ya kutembelea na kuifunga pamoja nao. Fundo lilimtoka mara mbili.

"Platipasi akitoka sasa, atakimbia hayo mapaja yako," Glenys alisema.

"Nyamaza, Mama."

Damu ilikuwa imeanza kuloweka kitambaa. Matundu madogo namna ile yalipaswa kuwa yamekauka zamani; sumu ilikuwa ikizuia damu kuganda.

Simu haikuwa na mtandao. Mtandao ulipatikana kwenye maegesho, mwisho wa njia, au juu ya kilima cha ng'ambo ya kijito. Merryn akageukia njia. Kelele za ndege zilikuwa zimehama. Sasa zilikuwa juu ya njia yenyewe, pale nyasi zinapokutana, na hazikusogea tena: nyoka alikuwa ametulia njiani.

Akibaki, watakaa wawili bila msaada. Akienda, bibi huyu mkaidi atachoka kungoja, atainuka ajikokote hadi garini, na kila hatua itaisukuma sumu kuelekea moyoni.

"Sikiliza. Ukitembea utakufa. Si kwamba nakutisha."

"Najua."

Merryn alingoja kejeli. Haikuja. Miaka yote tangu aolewe, hakuwahi kumsikia Glenys akikubali jambo mara moja.

"Kichwa kimeanza kuuma," Glenys alisema. "Na ufizi unatoka damu, nahisi ladha ya chuma. Nenda, mwanangu."

"Utalala hapo hapo?"

"Nitalala."

Merryn akamlaza, akamwekea sweta chini ya kichwa. Akabana simu kwa meno na kuingia kijitoni. Maji ya baridi yakampanda hadi kiunoni, matope yakimvuta miguu. Akashika mizizi ya ukingo wa pili, akajivuta juu, akaanza kukimbia kuelekea kilimani.