Nje ya Tuta

Teresina alipandisha karai la udongo kichwani, akafuata wanawake wenzake kwenye njia ya utelezi. Mvua ilikuwa imeufanya mfinyanzi mzito, lakini hakulalamika. Mto ulikuwa umeshakula migomba yake. Maji yalichimba chini ya ukingo, juu pakabaki pananing'inia, kisha pande zima likaanguka mtoni, leo kidogo, kesho zaidi. Tuta la kuzuia maji likimalizika kabla mto haujafurika, tukul yake, nyumba ya kuezekwa nyasi, itapona. Kwa hiyo alibeba.

Mhandisi Albino alifika na kamba na vigingi kupima sehemu iliyobaki. Akapiga kigingi, akavuta kamba, akapiga kingine. Kamba ikapita nyuma ya nyumba ya Teresina, kati yake na barabara ya nyumba za maofisa.

Teresina akatua karai.

"Bwana mhandisi, kamba imepotea. Nyumba yangu iko huku mbele."

"Haikupotea, mama."

"Sasa mimi?"

"Wewe uko nje ya tuta."

"Nje! Uganda watu naita sisi wakimbizi, sisi nasema malesh, si neno, iko siku tutarudi kwetu. Sasa amani imekuja, tumerudi, na hapa pia mimi iko nje?"

Albino hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Alieleza kwa upole kwamba mto ukipinda hupiga upande huu na kutua mchanga ng'ambo. Bila mawe, ukingo huu hauzuiliki.

"Na mawe iko wapi? Mimi naona lori napita nayo."

"Yamewekwa kule, mbele ya nyumba za maofisa."

"Kule maji natembea polepole! Hapa ndiyo nakata!"

"Najua, mama. Niliwaambia wakubwa. Walikataa." Akafuta jasho. "Nyinyi mtapewa mahali pengine."

"Lini?"

"Mvua ikiisha."

Santina, jirani yake, akacheka kicheko kisicho na furaha. Mvua ikiisha! Yaani mto ukishabeba watu, ndipo waje kugawiwa viwanja.

"Yalla, beba udongo!" akafoka Gune, msimamizi wa kazi. "Hii kazi ya serikali!"

Teresina aliangalia shimo walimokuwa wakichota udongo. Lilikuwa mbele ya mlango wake. Kila karai alilobeba lilikuwa limeusogeza mto karibu na kitanda cha mama mkwe wake. Hasira ilimpanda mpaka macho yakamuuma. Alikuwa akijichimbia kaburi, na bado anahimizwa aongeze mwendo!

"Kalas," alisema. "Mimi hapana beba tena."

Akaenda nyumbani, akang'oa mlango. Kisha akapanda ukutani na kuanza kukata kamba za paa. Santina alisimama kidogo, akamwangalia Gune, akaenda kushika upande wa pili. Wanawake wengine wakaacha makarai yao.

Alasiri, nguzo za nyumba yake zilisimama juu ya tuta, mahali palipokwisha kushindiliwa. Paa la nyasi lilikaa upande, kama kofia ya mlevi. Chini yake mama mkwe alikuwa ameketi juu ya mkeka, akichambua mboga na kuwatukana wakubwa kwa Kibari, lugha ya kwao.

Gune akarudi na askari.

"Hapa hakuna ruhusa kujenga!" alipaza sauti askari. "Mama, shuka!"

Teresina alikuwa akifunga kamba. Hakugeuka.

"Nitashuka, afande. Wewe sema tu. Nishuke upande gani?"

Askari akatazama mto uliojaa matope, akatazama barabara ya maofisa. Akamgeukia Gune.

"Upande gani?"

Gune akanyoosha kidole mtoni, kisha barabarani, kisha akashusha mkono. Wanawake wote walikuwa wakimsubiri aseme. Mbele ya macho yao askari akaanza kukwangua matope ya kiatu chake, na Santina akapanda tuta akiwa amejitwika kitanda chake mwenyewe.