Mlango wa Mbele

Jumamosi jumba hufunguliwa kwa wageni, na mama mwenye nyumba huwatembeza mwenyewe. Huwaonyesha nguzo za barazani, dari yenye maua ya plasta, kisha mlango wa jikoni, ambao unamfikia mtu kifuani. Tajiri aliyelijenga jumba aliutaka hivyo ili kila mtumishi aingie na sinia huku ameinamisha kichwa. Wageni huambiwa ni kwa ajili ya kuhifadhi ubaridi. Hupiga picha.

Mtumishi wa mwisho kuupita mlango huo aliupita mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Binti yake, mwalimu wa michezo, mrefu wa kutundika mapazia bila kupanda kiti, akapendana na kijana wa jumba hilo, mwana wa mama mwenye nyumba. Alipoolewa alikuwa na hamu moja tu: kuingia kwake kwa mlango wa mbele, wima.

Mlango wa mbele ungepitisha kabati lililosimama. Siku ya harusi walipita mashangazi na vilemba vyao, akapita mpiga tarumbeta na tarumbeta lake juu. Alipofika bibi harusi, fremu ikashuka taratibu mpaka usawa wa kifua chake. Akainama, akapita, fremu ikapanda. Watu wakaendelea na keki.

Fundi seremala aliitwa. Akapima, mlango mrefu. Bibi harusi akasogea, fundi akapima tena, mfupi.

"Mlango mzima kabisa," alisema huku akikunja futi yake. "Labda shemeji apunguze haraka."

Bibi harusi alijaribu kupita kinyumenyume. Alijaribu mbio, akapata nundu. Alivaa kanzu ya mama mkwe na manukato yake, na mlango haukudanganyika hata kidogo. Ilimuuma, na alisema hivyo mezani.

"Nyumba za zamani zina mambo yake, mke wangu," mumewe alimjibu, kisha akagongomelea sponji kwenye fremu, akaifunika kwa mahameli. Ukoo mzima ulimsifu kwa kujali.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya kutoka hospitali mama mkwe hakukubali mtu mwingine ambebe.

"Huyu ni damu yetu," alisema njia nzima. "Tazama pua. Tazama paji la uso."

Akapanda ngazi za barazani na mjukuu kifuani. Fremu ikashuka. Haikuwahi kumshukia yeye maishani mwake. Alisimama, akautazama mlango, akamtazama mtoto, pua na paji la uso.

"Mama, inama kidogo tu," mwanawe alimwambia. "Ni sekunde moja."

Mama mkwe alimgeukia mkwewe.

"Shika mwanao," alisema. "Wewe umeshazoea."

Mlango ukapanda, naye akaingia wima, akiulizia chai. Mwalimu wa michezo alimkumbatia mtoto, akakikinga kile kichwa kidogo kwa kiganja, akainama kwa ajili ya wawili.